Makumbusho ya London yananichosha kabla sijaona kitu. Wenzangu mnafanyaje?

Mwanatakwimu aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Nipo London nasoma uzamili wa takwimu, mwaka mmoja tu kisha basi. Jumatano mchana chuo hakina vipindi, wenzangu wanakwenda michezoni. Mimi na michezo hatujuani, nikaona bora niujue mji. Kila ninayemuuliza ananiambia neno lilelile: makumbusho ni bure, nenda.

Basi nimekwenda. British Museum niliingia mchana, nikatoka jioni miguu inawaka moto, na simu imejaa picha za sanamu ambazo leo siwezi kukuambia ni za nani wala zimetoka wapi. Lile Jiwe la Rosetta, lenye maandishi ya kale ya Misri, niliona pembe yake tu, katikati ya mabega ya watu walioinua simu juu. Nilipofika kwenye mami za Misri nilikuwa sitazami tena mami, natafuta benchi. Wiki iliyofuata nikajaribu National Gallery, hadithi ni ileile. Michoro kumi ya kwanza unaisoma kila neno, ya ishirini unatazama tu, baada ya hapo unatembea kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Sasa nauliza kwa nia njema kabisa. Mlioishi hapa mnayatembeleaje haya majumba? Kuna namna yake, au kila mtu anajifanya kafurahi? Yapo madogo ambayo mtu anaweza kupumua? Na yale maonyesho maalumu ya kulipia yana maana kwa mwanafunzi, au ni kutupa hela?

mpitanjia:

Mkuu usijitese bure. Shuka South Kensington, pale stesheni kuna njia ya chini kwa chini inayokufikisha karibu na milango, hata mvua haikupati. Natural History (makumbusho ya viumbe), Science Museum (ya sayansi) na V&A (Victoria and Albert, ya sanaa na ufundi), yote matatu ni majirani. Anza saa nne asubuhi milango inapofunguliwa, kila moja lipe saa moja na nusu, saa kumi alasiri ushakula na ushamaliza. Yule nyangumi wa bluu anayening'inia pale ukumbini Natural History ni mifupa ya mita 25, hiyo peke yake inatosha siku. Piga picha, songa mbele. Mwaka mmoja ni mfupi, ukianza kuchagua utarudi kwenu hujaona kitu.

kalamu_ya_risasi:

Mwanatakwimu, karibu London. Sijui ni kaka au dada, utanisahihisha.

Mpitanjia nakuheshimu, ila hiyo ni ratiba ya mtu anayekimbizwa. Akiifuata atarudi hapa wiki ijayo na malalamiko yaleyale, yamezidi kwa sababu sasa ana majumba matatu kichwani.

Mimi niko hapa tangu shahada ya kwanza, nasoma famasia, na makumbusho ndiyo yamekuwa sebule yangu, maana chumba ninachopanga hakina nafasi hata ya kukunjua miguu. Nitakuambia ninavyofanya, uchukue kinachokufaa.

Kwanza hilo neno "bure" wengi hawalitumii vizuri. Maonyesho ya kudumu kwenye makumbusho ya taifa hayana kiingilio; hata yale yaliyokuwa yakitoza, kama V&A na Natural History, yaliacha mwishoni mwa 2001. Mtu aliyelipa ana haki ya kuzunguka kila chumba ili hela yake irudi. Wewe hujalipa, huna deni na jengo lolote. Unaweza kuingia, ukatazama kitu kimoja kwa dakika ishirini, ukatoka ukanunue mkate. Hakuna atakayekuuliza.

Na wewe ni mtu wa hesabu, hebu tupige hii. British Museum wana vitu kama milioni nane. Vilivyo wazi kwa watu ni kama 80,000, asilimia moja hivi. Kila kimoja ukikipa nusu dakika tu, ni zaidi ya saa 660. Nyumba inakaa wazi kwa muda wa saa saba kila siku. Hiyo ni zaidi ya siku 90 mfululizo bila kula wala kwenda msalani. Kwa hiyo ile hamu ya "kuiona British Museum" itoe kichwani kabisa, haipo. Kuna kwenda kuona kitu fulani kilichomo ndani yake.

Mfano wangu ni zulia. Ijumaa V&A hawafungi mpaka saa nne usiku. Nikitoka maabara napanda basi, naingia kwa upande wa Exhibition Road (kabla hujaingia utazame ukuta wa nje, yale mashimo ni vipande vya mabomu ya Vita vya Pili, wameyaacha makusudi), kisha naenda moja kwa moja chumba cha 42, kwenye sanaa za nchi za Kiislamu. Katikati yake, ndani ya kizimba kikubwa cha kioo, limetandikwa zulia la Ardabil, la Iran. Urefu unapita mita kumi, upana unapita mita tano. Ukifika wakati mbaya utalikuta kwenye kiza. Watu wanachungulia, hawaelewi, wanapita. Wanapita! Hawajui kwamba kila saa inapotimu, na kila inapofika nusu saa, taa zinawashwa kwa dakika kumi kisha zinafifizwa tena, kwa sababu mwanga unakula rangi.

Mimi nafika dakika chache kabla, nakaa. Wahudumu wana viti vyepesi vya kukunja vya kuazima, waulize, watu hawajui kama vipo. Taa zikiwaka, kwanza inakuja buluu nzito ya uwanja mzima, halafu lile duara la njano la katikati lenye ncha pande zote. Kutoka kwenye duara zinaning'inia taa mbili za msikiti, moja upande huu, moja upande ule. Zitazame vizuri: hazilingani. Moja kubwa, nyingine ndogo. Wapo wanaosema ni hesabu ya macho, kwamba aliyekaa upande wa ile ndogo azione zote sawa. Wapo wanaosema fundi alipotosha makusudi kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Ushahidi hakuna, kila upande una maneno yake. Mimi niko na wa kwanza, kwa sababu nimekwenda nikachuchumaa mwisho ule nikaona zinavyokaribiana.

Upande mmoja pembeni kuna kisanduku cha maandishi: beti ya mshairi Hafiz, jina la Maqsud Kashani aliyetia sahihi kazi hiyo, na mwaka 946 wa Hijria, ambao ni 1539 kuingia 1540. Dakika kumi zinatosha kuchora kona moja tu, tena vibaya. Taa zikififia naondoka, au nasubiri nyingine nikiwa na nguvu. Zulia lenyewe lilinunuliwa 1893 kwa pauni 2,000, William Morris, yule mbunifu wa nakshi, akiwa mmoja wa waliosisitiza linunuliwe, na mpaka 2006 lilikuwa limetundikwa ukutani. Fikiria kulitazama limesimama, na lilifumwa likanyagwe.

Nimesema kuchora. Usiogope neno hilo, mimi sijui kuchora na jina langu la humu ni dhihaka niliyojipachika. Ila ukishika daftari, jicho linalazimika kukaa mahali. Ukipiga picha, simu ndiyo iliyoona. Beba penseli ya kawaida, wino hawaupendi karibu na vitu vyao.

Umeuliza madogo. Kama chuo chako kiko maeneo ya Bloomsbury, una bahati. Ndani ya chuo kikuu cha UCL kuna Petrie, makumbusho ya Misri, makabati yamebanana na mwanga ni hafifu. Nenda kaone gauni la Tarkhan, lililotoka kwenye makaburi ya kale ya Misri. Ni kitani, shingo ina umbo la V, mikono na kifua vimepigwa marinda membamba kama mistari ya daftari. Lilichimbuliwa 1913 likiwa ndani ya fungu la matambara, na fungu hilo halikufunguliwa kwa uangalifu mpaka 1977, wahifadhi wa V&A waliposafisha wakakuta gauni. Vipimo vya kaboni vilivyotangazwa 2016 vinaliweka kati ya mwaka 3482 na 3102 kabla ya Kristo, na hakuna nguo ya kufumwa inayojulikana ambayo ni kongwe kuliko hiyo. Lakini mimi hilo la ukongwe si lililonishika. Kwenye viwiko na kwapani kuna mikunjo ya kuvaliwa. Lilikutwa limegeuzwa ndani nje, namna unavyolivua gauni kwa kulipitisha kichwani ukalitupa kitandani. Kuna msichana alikuwa na kwapa humo.

Nyingine ni nyumba ya Sir John Soane, namba 13 Lincoln's Inn Fields. Alikuwa msanifu majengo, akapitishiwa sheria bungeni mwaka 1833 nyumba iachwe kama ilivyo baada ya kifo chake, na bure mpaka leo. Kuna chumba kidogo cha picha ambacho kuta zake ni milango: mhudumu anafungua ukuta, nyuma yake kuna picha nyingine, anafungua tena. Mle ndani kuna picha zote nane za mfululizo mmoja wa mchoraji Hogarth. Chini kuna jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, ambalo British Museum waliona ghali, Soane akalilipia pauni 2,000 na kufanya karamu za usiku tatu kulionyesha. Watu wanaingia wachache wachache, kwa hiyo foleni unaisimama nje, ukishaingia hakuna kusukumana.

National Gallery usiikatie tamaa. Nenda Ijumaa jioni, wanafunga saa tatu usiku, uulize *The Ambassadors* ya mchoraji Holbein iko wapi, ya 1533. Mabwana wawili wamesimama na vyombo vyao vya elimu, na chini miguuni kuna kitu kirefu cheupe cha ajabu. Usikae mbele. Nenda ukingoni kabisa upande wa kulia, karibu ugusane na ukuta, utazame kwa ubavu. Ni fuvu. Ukimaliza hapo, tazama ile ala ya nyuzi mezani, uzi mmoja umekatika. Halafu kona ya juu kushoto, nyuma ya pazia, msalaba nusu umejificha. Picha moja, nusu saa imekwisha, kanywe chai.

Tumaini77:

Maelezo mazuri sana dada, ila mimi niseme la moyoni. British Museum siingii. Niliingia mara moja nikashuka kule chini kwenye vyumba vya Afrika, nikakuta vile vibao vya shaba vya ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, vimepangwa kwenye vyuma kama bidhaa. Vilibebwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897, mji ukachomwa. Kisha niambiwe "ni bure, karibu"? Bure ya nani?

kalamu_ya_risasi:

Tumaini77, sikupingi, na wala sitaki kukutuliza. Mimi naingia, wewe huingii, wote tunajua tunachokifanya.

Nitaongeza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba makumbusho hayafanani hata kidogo kwenye hili. British Museum wanajificha nyuma ya sheria yao ya 1963 inayowazuia kutoa vitu vya hazina isipokuwa kwa sababu chache. V&A nao wana ya kwao ya 1983. Ndiyo maana dhahabu ya ufalme wa Asante mwaka 2024 ilipelekwa Kumasi, Ghana, kwenye makumbusho ya jumba la Manhyia, kwa mkopo wa miaka mitatu. Mtu anakopeshwa cha babu yake! Lakini Horniman, kule Forest Hill kusini mwa mji, sheria hizo haziwahusu, na Novemba 2022 walikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72 vya Benin. Kwa hiyo ukitaka kujua makumbusho inasimama wapi, usisome vibao vyao vya kujieleza, uliza nani anaruhusiwa kisheria kurudisha na kama amerudisha.

Na kama utaingia tena siku moja, usishuke chini kwanza. Panda chumba cha 40 ukaone kete za sataranji za Lewis. Zilipatikana Scotland mwaka 1831, nyingi zimechongwa kwa pembe za walrasi, mnyama wa bahari za baridi. British Museum wana 82, Edinburgh wana 11. Malkia wote wameshika shavu kwa mkono mmoja, wana uso wa mtu aliyepokea habari mbaya kwa simu. Na kuna askari kwa woga au kwa hasira anaing'ata ngao yake mwenyewe kwa juu. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa utafiti atamtambua.

hesabu_kali:

Naomba nijibu lile la hela maana wengine wamelikwepa.

Maonyesho maalumu ya kulipia usiyanunue kwa mkumbo. Kama una miaka 16 hadi 25, jiandikishe Tate Collective, mpango wa vijana wa majumba ya sanaa ya Tate, kujiunga ni bure na tiketi za maonyesho yao unapata kwa pauni 5 badala ya bei kubwa. Kama umepita umri huo, Art Fund, shirika la hisani la sanaa, wana kadi ya wanafunzi ya mwaka mzima ambayo inakupa nusu bei kwenye maonyesho makubwa mengi. Ukienda mawili tu kadi imejilipa.

Sanduku la michango mlangoni si kiingilio. Wahudumu wengine husimama karibu nalo wakitabasamu mpaka unaona aibu. Tabasamu nawe, pita. Ukiwa nazo siku nyingine utatia.

Usafiri: basi, si treni. Kuanzia unapogusa kadi mara ya kwanza, ndani ya saa moja unabadili mabasi bila kukatwa tena. Kwa mwendo wa kalamu_ya_risasi wa kitu kimoja na kuondoka, unaweza ukaenda na kurudi kwa nauli moja kama unakaa karibu. Chakula cha ndani ya makumbusho ni ghali, ila mkahawa wa V&A kaa hata na chai tupu, vile vyumba vya zamani vyenye vigae mpaka darini ndivyo vinavyosemwa kuwa mkahawa wa kwanza wa makumbusho duniani. Ukiwa na mkate wako, bustani ya katikati ina kidimbwi na viti, hakuna anayekufukuza.

mpitanjia:

Naona nimeshambuliwa kistaarabu. Sawa. Lakini niwaulize, mtu hajui anapenda nini, atachaguaje hicho kitu kimoja? Mimi ndiyo maana napita haraka kwanza. Nikiona kinachoniita, narudi.

kalamu_ya_risasi:

Hapo mpitanjia una hoja, na nakubali nusu. Kupita haraka kuna kazi yake kama unapita bila kusoma. Shida ni mtu anayepita haraka huku anasoma kila kibao, huyo ndiye anayeishiwa nguvu chumba cha tatu. Vibao ndivyo vinavyochosha kuliko miguu. Tembea kimya robo saa, simu mfukoni, kitu cha kwanza kitakachokusimamisha bila wewe kutaka, hicho ndicho. Soma kibao chake baada ya kukitazama, si kabla.

Mimi zulia nililipata hivyohivyo, nilikuwa nakatiza chumba kutafuta vyoo.

Mwanatakwimu:

Asanteni sana wote. Kwanza mimi ni dada. Pili hiyo hesabu ya siku 90 nimeirudia, imetulia, ukitumia saa saba kamili unapata siku 95. Nimeipenda kuliko picha zote nilizopiga.

Nimeamua Jumatano hii nianze na Petrie kwa sababu ya lile gauni, ofisi ya msimamizi wangu iko dakika tano kutoka pale na sikuwahi kujua. Ijumaa nitajaribu zulia. Soane nitaiweka wiki ijayo. Je, mkoba wa kompyuta unaruhusiwa? Huwa sina pa kuuacha. Na Tumaini77, nimekusikia. Horniman nitakwenda, nione wameandika nini pale vilipokuwa vile vitu vya Benin.

kalamu_ya_risasi:

Karibu sana dada. Petrie siku za wiki hufunguliwa mchana, usiende asubuhi ukakuta mlango umefungwa. Mlango wenyewe hauna mbwembwe, uko Malet Place ndani ya chuo, unapanda ngazi, utadhani umepotea unaingia idarani kwa watu. Hujapotea, panda.

Soane Jumatatu na Jumanne wamefunga. Mkoba wa kompyuta acha nyumbani siku hiyo, njia za mle ni nyembamba na kila kona kuna kichwa cha marumaru. Ukigeuka na begi mgongoni mhudumu atashika roho. Natural History wana sehemu ya kuhifadhi mizigo, ila wanatoza.

Ijumaa nitakuwepo V&A kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi. Ukiona mtu ana daftari na anachora taa za msikiti zinazofanana na vitunguu, njoo tusalimiane.

mpitanjia:

Mkitoka hapo vukeni barabara mkamwone nyangumi.

hesabu_kali:

Mpitanjia, Natural History wanafunga saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.